Injini ya kutafutia au kichambuzi cha lugha? Kisa cha hifadhi moja ya Kiswahili

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna hifadhi ya maandishi ya kilimo na ufugaji, Kiswahili kitupu, makumi ya maelfu ya makala na majibu ya maswali, sehemu imepita kwa mhariri na sehemu ni maswali ambayo watu walituma kwa simu yakaachwa vile vile yalivyoandikwa. Kisanduku cha kutafutia kipo, hakizimi, hakileti ujumbe wa kosa, ila ukiandika mkulima hupati makala inayoongelea wakulima, ukiandika ng'ombe zinakuja makala za mhariri tu na yale maswali ya simu hayaji kabisa, na ukiandika "dawa ya wadudu wa nyanya" linalokaa juu kabisa ni andishi refu lenye "ya" na "wa" nyingi kuliko lile fupi linalojibu swali. Watu wameshakata tamaa nacho, wakitaka kitu wanamuuliza mtu anayekumbuka iko wapi.

Timu ni ya watu wawili. Seva ni moja, ya kawaida tu. Na kulikuwa na sharti moja ambalo mwanzoni lilitajwa kwa kupita kumbe ndio lilikuja kuamua mengi: hifadhi nzima lazima iweze kubebwa kwenye laptopu na itafutike hata pasipo intaneti.

Niliitwa kusaidia kuchagua laibrari, yaani programu iliyokwisha andikwa ambayo unajengea juu yake, na nilikuta tayari kuna pande mbili. Kaka wa seva anataka Elasticsearch, injini ya kutafutia, hataki kusikia kingine. Dada anayeshughulika na maandishi yenyewe anasema hapana, tatizo letu ni la lugha, tuchukue spaCy au Stanza, hizo ndizo zinaelewa lugha. Wote wawili wana hoja za kweli na ndio maana ubishi ulikuwa hauishi, kila mmoja akijibu tatizo ambalo mwenzake halioni.

Ya kaka: Elasticsearch imekaa juu ya Lucene, laibrari ya kutafutia ambayo Doug Cutting alianza kuiandika mwaka 1999 na ikaingia Apache, taasisi ya programu huria, mwaka 2001. Juu ya Lucene hiyo hiyo kuna Solr, injini nyingine iliyoanza 2004, na Elasticsearch yenyewe ya 2010, kwa hiyo ni kitu kilichopigwa msasa miaka mingi na watu wengi mno. Ya dada: hizo zote zimeundwa na watu waliokuwa wanafikiria lugha nyingine, na ukifungua orodha ya vichambuzi vinavyokuja na Lucene utakuta Kiarabu, Kihindi, Kituruki, Kifini, hata Kibaski na Kigalisia, Kiswahili hakipo. Hilo nalo ni kweli.

Sasa kabla ya kusema nani ameshinda lazima tuelewane hizi laibrari kila moja inafanya nini, maana mjadala mwingi wa hivi unapotea hapo. Injini ya kutafutia, iwe Lucene, iwe FTS5, sehemu ya kutafutia ya hifadhidata ya SQLite, iwe ile iliyomo ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL, inapokea vipande vya maneno ambavyo tunaviita tokeni, inatengeneza indeksi inayosema tokeni hii iko kwenye maandishi yapi na mahali gani, alafu ukiuliza inakusanya na kupanga. Basi. Haijui kwamba wakulima ni wingi wa mkulima, kwake hizo ni tokeni mbili tofauti kama vile jiwe na mvua. Laibrari ya uchambuzi wa lugha inafanya kazi iliyo kabla ya hapo: inakata sentensi, inasema hili ni kitenzi na hili ni nomino, inarudisha neno kwenye umbo la msingi, inatambua majina ya watu na mahali, lakini haina indeksi wala haipangi matokeo. Ukichukua spaCy peke yake ukasema umepata utafutaji, hujapata. Ukichukua Elasticsearch peke yake ukasema umepata Kiswahili, hujapata pia. Kwa hiyo swali la "ipi kati ya hizi mbili" lilikuwa limekaa vibaya tangu mwanzo. Swali lenye faida ni nani atatengeneza tokeni, na atazitengenezea wapi.

Nikaomba tuache majina ya laibrari pembeni kidogo tuangalie mfumo uliopo unayafanya nini maneno. Ulikuwa ni PostgreSQL, na mpangilio wake wa utafutaji ulikuwa umewekwa wa Kiingereza. Huo unatumia kikata viambishi cha Snowball, kizazi cha kazi ya Martin Porter ya mwaka 1980, kinachokata mwisho wa neno: kinatoa -ing, kinatoa -ed, kinatoa -ate, kinatoa e ya mwisho. Mpe neno la Kiswahili uone. Wakamata inabaki wakamata. Wakamate, ambayo ni kitenzi kile kile, inakuwa wakam, kwa sababu kimeona -ate mwishoni kikadhani ni kiambishi chake. Kwa hiyo maumbo mawili ambayo tulitaka yakutane ndio kwanza yametenganishwa zaidi. Ng'ombe je? Kikata tokeni cha PostgreSQL kinahesabu ritifaa kama nafasi tupu, kwa hiyo ng'ombe inakuwa ng na ombe, alafu kikata viambishi kinatoa e ya ombe, inabaki omb. Aliyeandika kwa simu ngombe bila ritifaa, tokeni yake ni ngomb. Hizi mbili hazikutani milele. Ndio ile siri ya maswali ya simu kutokuja, na hapo hapo tulikuwa tumeshajua kwamba data iko sawa na seva iko sawa.

Kaka akasema basi tuhamie Elasticsearch hilo litaisha. Nikamwambia ngoja tuangalie. Tokenaiza ya kawaida ya Lucene, yaani kikata tokeni chake, inafuata kanuni za kugawa maneno za Unicode, mpango wa kimataifa wa herufi za kompyuta, na kwa kanuni hizo ritifaa ikiwa katikati ya herufi haikati neno, ng'ombe inabaki kipande kimoja. Safi. Ila ritifaa iliyonyooka na ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia zinabadilisha zenyewe bila kukuuliza, ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo unapata ng'ombe mbili ambazo kwa macho zinafanana na kwa injini hazijuani. Ongeza wale wanaotumia kile kialama cha nyuma kilichopo kona ya kibodi, hicho kinakata neno. Ongeza na wale wasioweka kitu. Yaani ungehama bila kugusa maandishi, neno moja lingekuwa na sura nne badala ya mbili. Dawa ipo na ni rahisi, unaweka kichujio kinachosafisha herufi kabla ya kukata, lakini dawa hiyo unaiandika wewe, haiji na injini, na ukishaiandika inafanya kazi popote.

Hapa tukaamua jambo dogo ambalo lilileta ubishi kuliko nilivyotegemea: tutoe ritifaa zote, kwenye maandishi na kwenye neno la kutafuta, ili ng'ombe na ngombe ziwe kitu kimoja kwenye indeksi. Andishi lenyewe halibadilishwi, anayesoma anaona ng'ombe kama ilivyoandikwa. Dada alipinga, akasema tunaharibu tahajia na kuna maneno yanatofautishwa na ritifaa tu. Hoja yake ni ya haki, lakini kwenye hifadhi hii ya mifugo hasara ya kukosa nusu ya maandishi ya ng'ombe ni kubwa kuliko hasara ya maneno mawili matatu kugongana, na akakubali kwa sharti kwamba umbo halisi lihifadhiwe kwenye safu yake. Sharti zuri, limetusaidia baadaye.

Kulikuwa na wazo la tatu ambalo watu wengi hulikimbilia na nataka kukaa nalo kidogo kwa sababu linavutia mno. Trigramu. Unakata kila neno vipande vya herufi tatu tatu na unalinganisha vipande, hauhitaji kujua lugha yoyote, PostgreSQL ina nyongeza ya pg_trgm na FTS5 ina tokenaiza ya trigramu tangu SQLite 3.34 ya mwishoni mwa 2020. Kwa lugha yenye viambishi vingi mbele inaonekana kama imetumwa kutoka mbinguni. Tukakaa tukapiga hesabu kwa mkono, kwa kanuni ya pg_trgm ambayo inaongeza nafasi mbili mbele ya neno na moja nyuma. Mkulima na wakulima wanashirikiana vipande 5 kati ya 12 vya maneno yote mawili, yaani kama 0.42. Nzuri. Sasa mkulima na mlima: vipande 4 kati ya 10, yaani 0.4. Ndio, mkulima anakaribiana na mlima karibu sawa na anavyokaribiana na wakulima. Alafu angalia hii: kulima na analima, kitenzi kimoja kabisa, 3 kati ya 12, 0.25. Kulima na mlima, 3 kati ya 10, 0.3. Mlima umemshinda analima! Na ukitumia ile ya FTS5 inayotafuta kipande ndani ya neno, ukaandika lim, utaletewa mkulima, kilimo, mlima, limau na walimu wote. Hesabu hiyo ilimaliza mjadala wa trigramu kama njia kuu. Hatukuitupa lakini, tumeiweka kwenye kazi inayoifaa: mtu akikosea tahajia na matokeo yakawa sifuri, tunalinganisha neno lake na orodha ya maneno yaliyomo kwenye indeksi na kumpendekezea lililo karibu. Orodha ya maneno tu, sio maandishi yenyewe.

Turudi kwa spaCy na Stanza. Hapa lazima niseme wazi kwamba mimi nazipenda na nazitumia, lakini spaCy haina modeli ya Kiswahili, yaani programu iliyofunzwa lugha kwa mifano, ambayo unashusha na kuanza, utapata tupu ya lugha mchanganyiko inayokata maneno tu. Unaweza kufunza yako, data ya kuanzia ipo, kazi ya kundi la watafiti la Masakhane ya mwaka 2021 iliyoitwa MasakhaNER ina Kiswahili kati ya lugha zake kumi, imewekewa alama za watu, mahali, taasisi na tarehe. Lakini hata ungekuwa na modeli nzuri kabisa kuna jambo ambalo halikwepeki, na kaka ndiye aliyelisema vizuri kuliko mimi: "Dada, hiyo modeli inataka sentensi, na watu kwenye kisanduku hawaandiki sentensi." Modeli inayoamua kama panda ni kitenzi au nomino inaamua kwa kuangalia majirani wa hilo neno. Mtumiaji ameandika "panda mahindi", maneno mawili, au ameandika "panda" basi. Modeli itakisia. Na kanuni ambayo haina msamaha kwenye utafutaji ni kwamba neno la kutafuta lipitie njia ile ile iliyopita neno la kwenye andishi, ukichambua andishi kwa muktadha na swali bila muktadha unapata mizizi miwili tofauti ya neno moja, na matokeo yanapotea kimya kimya bila ujumbe wowote wa kosa.

Na kwa upande wa uchambuzi kamili wa maneno ya Kiswahili, watu wameufanya na umechukua miaka. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki na mfumo wake wa SALAMA ni mfano, kazi iliyofuata njia ya Kimmo Koskenniemi ya 1983 ya mashine za hali, yaani kusoma neno hatua kwa hatua, na inayoweza kuvunja kitenzi chote kipande kwa kipande. Ni kazi ya heshima kubwa. Ila kisanduku cha kutafutia hakihitaji kujua kwamba -li- ni wakati uliopita, kinahitaji kujua kwamba alipanda na watapanda wakutane. Hitaji ni dogo sana kuliko kichambuzi kamili, na ndio maana tuliweza kuliandika wenyewe.

Tulichoandika ni programu fupi ya kurudisha maneno kwenye umbo la msingi, tuiite kirudishi. Kwanza inashusha herufi zote ziwe ndogo na kutoa ritifaa. Alafu inaangalia orodha ya maneno mazima: kama neno liko humo, linafuata orodha, haliguswi na kanuni yoyote. Hapo ndipo wakati inapookoka isikatwe ikawa kati, na mlima isikatwe ikawa lima, na chakula isifanywe ni mtu anakula. Nomino tunazirudisha kwenye umoja, hatuzirudishi kwenye mzizi, na hili nalisisitiza kwa sababu wengi wanakata tu kiambishi cha ngeli wanafurahi. Magonjwa inakuwa ugonjwa, wagonjwa inakuwa mgonjwa. Ungekata ukabaki na gonjwa, anayetafuta ugonjwa wa mihogo analetewa na wagonjwa. Jozi za kawaida kama mdudu na wadudu, mche na miche, jani na majani, kirutubisho na virutubisho zinaenda kwa kanuni, na zile ngumu kama jicho na macho, ukwato na kwato, unyoya na manyoya zimeandikwa moja moja. Sio nyingi kama watu wanavyoogopa. Orodha ya maneno ya Kiswahili ya Hunspell, programu ya kukagua tahajia, ile inayokuja na LibreOffice, ilisaidia kama mahali pa kuanzia, dada akaongeza maneno ya kilimo ambayo hayamo.

Vitenzi ndio penye utamu. Mzigo mwingi uko mbele: nafsi, wakati, kirejeshi, mtendwa, alafu ndio mzizi. Hawakupanda, tulivyowapandia, ukishapanda. Programu inajaribu kuondoa vipande hivyo kwa mpangilio wake, na kila inapofika kwenye kitu kinachofanana na mzizi inauliza orodha ya mizizi: upo? Kama upo inauchukua, kama haupo inaliacha neno zima lilivyo. Ukiwa na shaka usikate. Kanuni hiyo moja imetuokoa kuliko ujanja wowote, kwa sababu neno lisilokatwa linakosa ndugu zake tu, wakati neno lililokatwa vibaya linaleta wageni. Vitenzi vya silabi moja, kula, kunywa, kufa, kuja, mzizi wake ni mfupi mno kwa kanuni, hivyo maumbo yake ya kawaida yameorodheshwa.

Na viambishi vya mwisho? Tunatoa -wa ya kutendwa na -ia au -ea ya kutendea, tunatoa pia irabu ya mwisho. Ile -isha ya kusababisha tuliiacha kwa makusudi kabisa. Sababu iko ndani ya hifadhi yenyewe: kupanda ni kuweka mbegu ardhini, kupandisha kwa mfugaji ni kumpeleka dume kwa jike. Ungekata -isha, mtu anayeuliza wakati mzuri wa kupanda maharage angeletewa habari za ng'ombe jike walio kwenye joto. Hakuna laibrari ya jumla, hata iwe imefunzwa kwa data nyingi namna gani, ingejua kwamba kwenye hifadhi hii hilo ndilo neno la kutunza. Anayejua ni aliyeishi na maandishi hayo, na huyo alikuwa dada.

Kabla hatujagusa injini yoyote tulitengeneza kipimo, na kama kuna sehemu moja ya kisa hiki ningependa mtu aibebe ni hii. Tulichukua maneno ambayo watu walikuwa wameyatafuta kweli kwenye kisanduku cha zamani, bila majina yao, tukaweka na yale yaliyorudisha sifuri, alafu watu wawili wanaojua kilimo wakapitia na kuweka alama, andishi hili linajibu, hili halijibu. Ni njia ya zamani, Cyril Cleverdon na majaribio ya Cranfield kule Uingereza miaka ya 1960 ndio walioifanya iwe desturi, na mpaka leo sijaona inayoizidi kwa kazi ya ukubwa huu. Sehemu ya maswali tuliificha, hatukuyaangalia wakati wa kurekebisha kanuni, ili tusijidanganye kwamba tumetibu lugha kumbe tumekariri mtihani. Kila jaribio tuliangalia kumi za mwanzo tu, kwa sababu hakuna anayeshuka chini ya hapo.

Kipimo hicho ndicho kilichotuliza ubishi. Tulijaribu injini tatu na tokeni zile zile zilizosafishwa na programu yetu: PostgreSQL, FTS5 na Lucene. Tofauti kati ya FTS5 na Lucene kwenye kumi za mwanzo ilikuwa ndogo mno, na ukifikiria haishangazi, zote zinapanga kwa BM25, fomula ya kupima andishi linaendana na swali kiasi gani, Lucene imeifanya kuwa ya kawaida tangu toleo la 6 mwaka 2016, na namba zake za kuanzia ni 1.2 na 0.75, na FTS5 ina namba hizo hizo zimegandishwa ndani, huwezi hata kuzibadilisha. Fomula kimsingi ni moja. Tofauti kubwa, ile ya kuonekana kwa macho, ilikuwa kati ya tokeni zilizosafishwa na zisizosafishwa, kwenye injini yoyote ile.

PostgreSQL iliachwa nyuma kwa sababu nyingine, upangaji wake wa asili hauangalii neno ni adimu kiasi gani kwenye hifadhi nzima. Wazo la kuwapa uzito mkubwa maneno adimu ni la Karen Spärck Jones, mwaka 1972, na kwa maandishi yetu linabeba mengi, kwa sababu na, ya, wa, kwa zimo kila mahali. BM25 inazishusha zenyewe hata bila orodha ya maneno ya kupuuza. Bila uzito huo ndio unapata lile andishi refu lenye ya na wa nyingi linakaa juu. Ungeweza kuweka orodha ya kupuuza ukapunguza tatizo, na kama data yako tayari iko PostgreSQL na hutaki kitu cha pili ningesema fanya hivyo ubaki hapo, ni uamuzi wa heshima.

Basi tukachagua FTS5. Iko ndani ya SQLite tangu toleo la 3.9 la 2015, ni faili moja, unainakili kwenye laptopu inatafutika, sharti la kutokuwa na intaneti limeisha hapo hapo. Kaka alikuwa na uchungu kidogo na namwelewa, lakini tulihesabu kazi ambayo watu wawili wangebeba: Elasticsearch ni huduma inayojitegemea, inataka memori yake, ushauri wa kawaida ni kuipa hadi nusu ya RAM na kuiachia mfumo iliyobaki, na matoleo makubwa hayasomi indeksi iliyotengenezwa matoleo mawili nyuma, kwa hiyo kila baada ya muda unaindeksi upya. Ongeza na suala la leseni, 2021 ilibadilishwa, OpenSearch, nakala iliyojitenga, ikazaliwa kutokana na hilo, 2024 ikaongezwa AGPL, leseni ya programu huria. Hakuna kati ya hayo ambalo ni kosa, kampuni kubwa yenye mashine kumi na watu wanaoandika data kwa pamoja inapata thamani yake yote. Hawa hawakuwa na tatizo la ukubwa.

Kuna uamuzi mmoja wa kiufundi ambao naona ni bora kuliko uchaguzi wa injini yenyewe. FTS5 inakuruhusu kuandika tokenaiza yako kwa lugha ya C, hata kuweka tokeni mbili mahali pamoja, kwa hiyo tungeweza kuingiza kirudishi chetu ndani ya injini. Hatukufanya. Kirudishi kinakaa nje, kinasoma andishi, kinatoa andishi la pili ambalo kila neno limegeuzwa, neno moja linaingia neno moja linatoka ili utafutaji wa maneno yaliyofuatana usiharibike, na injini inapewa safu mbili: umbo halisi na umbo lililorudishwa, umbo halisi likiwa na uzito mara mbili. Injini inaona maneno yaliyotengwa na nafasi tu. Siku wakikua wakataka OpenSearch au Solr wanabeba safu zile zile wanaondoka, kazi ya lugha haipotei.

Kuna gharama yake. Kipengele cha FTS5 cha kuonyesha kipande cha andishi chenye neno lililopatikana kinafanya kazi kwa safu ya umbo halisi, ila neno lililopatikana kwa mzizi halipati rangi, kwa hiyo kupaka rangi kunafanywa na programu ya kuonyesha, inapitisha kila neno la kipande kwenye kirudishi na kulinganisha. Inachosha kidogo kuiandika. Mambo mawili mengine ya kuangalia kwa anayefuata njia hii: bm25() ya FTS5 inarudisha namba hasi na iliyo chini zaidi ndiyo bora, ukipanga kinyume utapata matokeo mabaya juu na utadhani kirudishi kimeharibika. Na usimpe injini alichoandika mtumiaji moja kwa moja, ritifaa ya ng'ombe ikiingia bila kufungwa kwenye alama za kunukuu inaleta kosa la sintaksia, na hapo ndipo kisanduku kinapozima mbele ya mtu.

Dada naye alipata modeli yake, ila sio kwenye kisanduku. Utambuzi wa majina ya mahali na taasisi unafanyika usiku, kwenye maandishi mapya tu, kwa sentensi nzima ambazo modeli inazipenda, na matokeo yanaingia kwenye safu ya kuchujia. Ikikosea jina hakuna utafutaji unaovunjika, kichujio kinakosa kitu kimoja tu. Vekta za maana, yaani maana ya andishi iliyogeuzwa kuwa namba, kutoka kwa modeli za lugha nyingi kama LaBSE, ambayo ina Kiswahili, tulizijaribu kwa ufupi. Zinasaidia mtu anapouliza kwa maneno tofauti kabisa na ya makala, zinayumba kwa majina ya dawa na vipimo, na kwenye laptopu ya kawaida ni mzigo. Zimewekwa pembeni kama hatua ya pili.

Kilichobaki wazi ni mkulima, kilimo na kulima. Hatukuviunganisha kwenye indeksi, tumeviweka kama visawe vinavyoongezwa upande wa swali kwa uzito mdogo, na bado dada na kaka hawajakubaliana uzito huo uwe kiasi gani. Safari hii angalau wanabishana wakiwa na maswali ya kipimo mezani, kila mmoja akibadilisha namba na kuangalia kumi za mwanzo zinasemaje.